Kwa Nini Hakubisha Hodi

"Bwana Felix ni mimi."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na nimeambiwa kuna wasomaji ambao hawakulala vizuri tangu siku hiyo. Poleni. Lakini anayestahili pole zaidi ni Verlyn Cadore, aliyemtunga huyo Bwana Felix kwa mkono wake. Yeye angefurahi kungoja wiki nzima kabla ya kusikia neno la pili. Hakupewa hata dakika.

Mwalimu Alcide Regis alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kamati, kofia mkononi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Verlyn alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Penseli aliyoishika ilikatika. Paa!

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, sikiliza upesi.

Verlyn ni mtunzi wa mitihani. Ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, unaowatoa jasho watoto wa Grenada nzima na kuwapeleka wazazi wao kanisani katikati ya wiki, maswali yake ya lugha anayatunga yeye. Mwaka huu aliishiwa. Alihitaji mtu wa kumweka kwenye kifungu cha ufahamu. Akatazama nje ya dirisha siku ya Jumamosi, akamwona mwanamume anapita. Akamwokota mzima mzima na kumbadilisha jina tu.

Siku ya mtihani ikafika. Nani akapangwa kusimamia chumba cha shule ya Mirabeau? Mwanamume yule yule. Na mle chumbani kulikuwa na mtoto mwenye macho mabovu, ambaye kwa utaratibu husomewa mtihani kwa sauti. Mwalimu Regis akaanza kusoma. Bwana Felix hivi, Bwana Felix vile. Alipofika swali la kumi na nne, sauti ilimkwama.

"Mwalimu, unalia?" mtoto aliuliza.

"Vumbi," alijibu mwalimu.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Swali lenyewe lilikuwa hili: Kwa nini Bwana Felix hakubisha hodi kwa Bi Rosa? A, alikuwa na haraka ya kwenda sokoni. B, hakujua kama Bi Rosa yumo ndani. C, alikuwa mwoga. D, alikatazwa na mama yake Bi Rosa.

Mwongozo wa majibu ulipotolewa kwa walimu, ulisema C. Mwalimu Regis alilalamika rasmi kwamba jibu si sahihi. Ndiyo maana tuko hapa Ijumaa asubuhi, mjini St. George's, katika chumba chenye feni moja inayozunguka kama inabembelezwa.

"Mwalimu," alisema Bwana Prudhomme, mkurugenzi wa ofisi, kwa upole wa mtu anayezungumza na mbwa asiyemfahamu. "Bwana Felix ni mtu wa kubuni. Hayupo."

"Nipo," alisema Mwalimu Regis. "Nimesimama mbele yako."

"Watu wanaopita barabarani Jumamosi ni wengi."

"Wenye kofia yenye kitundu upande wa kushoto, kilichochomwa na pasi?" Akaigeuza kofia yake. Kitundu kikawatazama wote mezani kama jicho.

Wajumbe wawili wa kamati, ambao kazi yao miaka yote ilikuwa kutikisa kichwa pale Prudhomme anapotikisa chake, walisahau kazi yao wakabaki wamekodoa macho.

Verlyn alitamani ardhi ipasuke. Kitundu! Kitundu cha nini, jamani? Angeweza kuandika kofia tu. Kofia nyeusi, kofia safi, yakaisha. Lakini ndio ugonjwa wa watunzi. Wakiona kitundu hawawezi kukiacha.

"Bi Cadore," Prudhomme alimgeukia. "Ni kweli haya?"

"Mtunzi, mheshimiwa, huokota huku na huko," Verlyn alijibu, akijikaza kisabuni. "Neno hapa, tabia pale..."

Mtu alikohoa pembeni. Alikuwa Merle Antoine, mtakwimu wa ofisi, mwanamke wa makamo ambaye kwenye jengo lile aliogopwa kwa vitu viwili tu, hesabu zake na ulimi wake.

"Huku na huko?" alisema Merle. "Shoga, hapa umeokota mtu mzima na kofia yake."

Mjumbe mmoja alicheka. Prudhomme alimtazama, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Mheshimiwa, sikuja kushitaki kwa sababu nimetungwa," alisema Mwalimu Regis. "Kutungwa si vibaya. Mama yangu huko Brooklyn angefurahi. Nimekuja kwa ajili ya jibu. Watoto wa kisiwa kizima wamefundishwa kwamba mimi ni mwoga."

"Mtihani haufundishi," Verlyn alifyatuka kabla hajajizuia. "Mtihani unapima!"

"Basi umepima vibaya."

Walitazamana. Yalikuwa maneno yao ya kwanza ana kwa ana kwa miaka sita.

Miaka sita, msomaji! Walikutana kwenye kambi ya kusahihisha mitihani, wakabishana siku tatu juu ya mkato mmoja katika sentensi ya mtoto fulani wa Sauteurs. Siku ya nne wakacheka. Siku ya mwisho Alcide alimwambia, "Jumamosi nitapita kwenu nibishe hodi." Jumamosi akapita kweli. Kubisha, hakubisha. Wiki iliyofuata akapita tena. Na tena. Verlyn kila Jumamosi alivaa gauni lake la bluu na kusimama nyuma ya pazia, akijidanganya kwamba anatazama mawingu. Ukichoka kutazama mawingu miaka sita, nawe ungeandika C.

"Jibu sahihi ni lipi basi, Mwalimu Regis?" aliuliza Prudhomme.

"D."

Alisema hivyo tu, akaketi.

Verlyn alicheka. Kicheko cha kweli, cha mtu aliyeona mwenzake kapotea njia. "D? D niliiweka kwa sababu nilikosa chaguo la nne! Kila mtunzi anajua hilo, la nne ndilo linalosumbua. Chai ilikuwa inapoa, nikaandika lililokuja kichwani. Halafu, mwalimu mzima na wewe, sheria unaijua. Jibu linatoka kwenye kifungu, halitoki mtaani. Kwenye kifungu hakuna mtu aliyemkataza mtu."

"Kisome," alisema Alcide.

"Nakijua kwa moyo."

"Kisome kama mtahiniwa."

Prudhomme alitazama saa ya ukutani. Ijumaa ni siku ya shelisheli la kupikwa kwa tui na nyama ya chumvi pale mkahawani ng'ambo ya barabara, na sufuria halimsubiri mkurugenzi. "Soma, Bi Cadore. Upesi."

Verlyn alisoma. Bwana Felix anakuja. Anapunguza mwendo. Anaiweka sawa kofia yake. Anatazama mlango. Kisha anatazama dirisha, ambapo mama yake Bi Rosa amekaa akimenya mbaazi. "Bibi kizee akainua fimbo yake. Bwana Felix akakohoa, akaendelea na safari."

"Hapo," alisema Alcide.

"Hapo nini?"

"Fimbo."

"Fimbo ya salamu!" Verlyn alikuja juu. "Mama yangu husalimia kwa fimbo! Kila mtu Mirabeau anajua..."

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa.

"Mama yako?" Prudhomme alivua miwani.

"Mama yake Bi Rosa," alisema Verlyn kwa sauti ndogo.

"Umesema mama yangu."

"Ulimi umeteleza, mheshimiwa."

"Umeteleza mpaka nyumbani kwenu," alisema Merle. "Jamani, kabla hatujafika kwenye harusi, naomba na mimi niseme hesabu zangu. Nimekaa nazo tangu Jumatatu, hakuna aliyeniuliza."

Aligeuza kompyuta yake waione. Verlyn hakuhitaji kusogea. Mistari ile aliijua kama anavyoijua sura yake.

"Hawa wa juu," Merle alisema, akiweka kidole kwenye kioo, "ni watoto waliofanya vizuri karibu kila swali. Wanajua kusoma. Kwenye swali la kumi na nne, wengi wao wamechagua D. Hawa wa chini, wanaokisia mpaka jina la shule yao, ndio walioshangilia na C."

Wajumbe walisogea kutazama kioo. Feni ilizunguka.

Kwa mtu wa kawaida hizo ni tarakimu tu. Kwa mtunzi wa mitihani ni kofi la shavuni. Wenye akili wakikimbilia jibu moja na wakisiaji wakabaki na lako, hukagui watoto. Unakagua mwongozo wako. Verlyn mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo watunzi wapya, mwaka hadi mwaka, akitembea mbele ya ubao na chaki mkononi.

Watoto wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, walikuwa wamekaa chumbani na kusoma sentensi ile, wakaona anachofanya bibi kizee na fimbo. Yeye aliyeiandika hakuona. Alikuwa ameiona fimbo ile ikiinuka dirishani kwao kila Jumamosi kwa miaka sita.

Verlyn aliweka karatasi chini. Alimtazama Alcide. Alcide alikuwa anatazama kofia yake.

"Nani alikukataza?" aliuliza Verlyn. Sauti haikuwa ya kazini tena.

"Nimeapa nisiseme."

"Uliapa kwa nani?"

"Nikikujibu hilo, nitakuwa nimesema."

"Mnaona?" Merle aliwaambia wajumbe. "Hata akikataa kujibu anapata alama."

Prudhomme alipiga meza kwa kiganja. "Basi! Nimepata suluhisho. Swali tunalifuta. Kila mtoto anapewa alama yake, mwenye C, mwenye D, hata aliyechora samaki pembeni. Hakuna aliyekosea. Watu wa redio hawatajua. Bi Cadore anarudi mezani kwake, Mwalimu Regis anarudi shuleni kwake, sisi tunakwenda kula."

Wajumbe walitikisa kichwa kwa nguvu ya watu wawili wenye njaa.

Ulikuwa mlango mpana, msomaji. Mimi ningepita. Wewe je?

Verlyn alisimama.

"Hapana, mheshimiwa. Jibu ni D."

"Bi Cadore, kaa."

"Waliosoma vizuri wapewe haki yao. Tukimpa kila mtu alama, tutakuwa tumewaambia kwamba kusoma kwa makini na kukisia ni kitu kimoja. Kuna watoto shule waliyoitaka itawapita kwa alama moja. Nao wanahesabika."

"Unajua unachosema?" Prudhomme aliinamia meza. "Ukisema D, unakiri kwamba mtunzi hakuelewa kifungu chake mwenyewe."

"Nakiri."

"Na kwamba umemtumia mtu halisi, aliye hai, kinyume cha kanuni."

"Ndiyo."

"Kanuni yenyewe inasemaje kuhusu adhabu?"

"Asimamishwe kazi mpaka bodi ikae," alisema Verlyn. "Naijua, mheshimiwa. Niliiandika mimi."

"Na uliiandika vizuri," Merle alinong'ona. "Haina hata pa kuponea."

Alcide alishtuka kwenye kiti. "Mheshimiwa, mimi sikutaka afukuzwe! Nilitaka jibu lirekebishwe tu..."

"Ulitaka D, mwalimu," Verlyn alimkata. "Umepata D. Hongera."

Prudhomme alivuta karatasi, akaitazama saa mara moja zaidi. Kisha akaandika mstari mmoja, akatia sahihi. Jibu la swali la kumi na nne ni D. Bi Verlyn Cadore akabidhi funguo za kabati la mitihani leo hii.

Verlyn alizitoa kwenye mkoba, akaziweka mezani. Zililia cheng', sauti ndogo tu, lakini Alcide alifumba macho kama aliyepigwa.

Mlangoni Alcide alimkimbilia. "Verlyn, nisikilize."

"Sasa hivi sina kazi, sina funguo, na sina hamu. Nina swali moja tu, na mwenye jibu yuko nyumbani anamenya mbaazi."

Akaondoka.

Habari za Grenada hazipandi gari, lakini hufika kabla ya gari. Verlyn aliposhuka Mirabeau, muuza duka alikuwa tayari mlangoni na uso wa msiba. "Pole, dada. Na hongera. Sijui nianze na ipi." Verlyn alimpungia mkono bila kusimama.

Mama yake, Bi Ismay, alikuwa dirishani na bakuli la mbaazi mapajani. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta, imetulia kama isiyo na hatia.

"Umerudi mapema," alisema.

"Mama, nina swali."

"Lina alama ngapi?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Nisije nikajitahidi bure."

Verlyn alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Ulimkataza Mwalimu Regis asibishe hodi hapa?"

"Regis yupi?"

"Yule unayemwinulia fimbo kila Jumamosi."

"Aa, ile!" Bi Ismay alimenya mbaazi moja kwa uangalifu mkubwa. "Nafukuza kuku."

"Kuku gani? Hatufugi kuku!"

"Ndiyo hivyo. Nimewafukuza wote."

Siku nyingine Verlyn angecheka. Siku hiyo alinyoosha mkono, akalichukua bakuli, akaliweka sakafuni. Bi Ismay alibaki na mikono mitupu, na mikono ile, bila kazi, ikaonekana imezeeka ghafla.

"Nimesimamishwa kazi leo, mama. Kwa sababu ya fimbo yako."

"Toba! Kazi imeingiaje hapa?"

"Watoto wa kisiwa kizima wamekusoma. Wamejua unachofanya. Mimi ndiye pekee niliyekosa jibu."

Bi Ismay aligeuza uso. Alitazama nje, kule barabara inakopinda chini ya mikungumanga.

"Alikuja Jumamosi ile ya kwanza," alisema mwishowe. "Wewe ulikuwa jikoni. Ana adabu, huyo mtoto. Alivua kofia kabla hajafika kwenye ngazi. Nikamwambia, ukibisha mlango huu wakati mimi nina pumzi, utakuwa umeniua wewe. Nikamwapisha. Sikutegemea atashika. Wanaume wa siku hizi nani anashika? Nilidhani atakaa kando mwezi mmoja, kisha atavunja, nami nitapiga kelele kidogo, yaishe. Kumbe nimempata mwanamume mmoja wa Grenada anayeshika neno! Kila Jumamosi anapita kunionyesha kwamba bado analishika. Hasira aliyokuwa ananipa, we acha tu."

"Kwa nini, mama?"

"Kila aliyetoka mlango huu na sanduku hakurudi. Kaka yako, Toronto. Dada yako, London, analeta picha. Baba yako, makaburini. Nikasema huyu mmoja atabaki."

"Ungeniuliza."

"Ungesema unabaki." Bi Ismay alimtazama kwa mara ya kwanza. "Halafu ungenichukia. Mimi nilitaka ubaki bila kunichukia."

Verlyn aliinuka. Alikwenda jikoni, akachukua shelisheli na panga, akalikata vipande vidogo kuliko inavyotakiwa kwa mapishi yoyote yanayojulikana. Alilia kidogo. Alipotoka, macho makavu, alisema jambo moja tu.

"Kesho ni Jumamosi. Fimbo nipe."

Bi Ismay aliitoa bila kubisha, na jioni akamtumia Mwalimu Regis neno kwamba kiapo kimekwisha.

Jumamosi asubuhi Mirabeau ilipatwa na ajabu. Watu ambao kwa kawaida huteremkia soko la Grenville mapema walijikuta wote wana shughuli mbele ya nyumba ya Cadore. Mmoja anakagua tairi ambalo halina pancha. Wawili wanapima urefu wa ua. Muuza duka alitoa benchi nje, akasema ndani kuna joto.

Verlyn alivaa gauni la bluu. Kisha akalivua, akasema hajali. Kisha akalivaa.

"Limekukaa," alisema Bi Ismay kutoka dirishani. Hakuwa na mbaazi wala fimbo. Alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Leo husemi neno, mama."

"Mimi? Nimekufa, mimi. Si ndivyo nilivyomwambia? Hesabu nimekufa."

Muda wa Mwalimu Regis kupita ulifika. Barabara ilikuwa tupu. Muda ukapita. Aliyekuwa anakagua tairi alianza kulikagua upya. Verlyn alilisogeza pazia kidogo, akachungulia. Labda jana amemjibu vibaya mno. Labda mtu aliyengoja miaka sita anaweza kuchoka siku moja kabla.

Kisha wakasikia gari.

Gari? Mwalimu Regis hajawahi kupita pale kwa gari. Lakini lilisimama getini, na aliyeshuka upande wa dereva alikuwa yeye, na kofia yake, na kitundu chake. Hakupunguza mwendo. Hakulitazama dirisha. Alipanda ngazi, akanyoosha mkono.

Ngo, ngo, ngo.

Mtaani mtu alipiga makofi, akanyamazishwa.

Verlyn alifungua mlango. Alikuwa ameandaa maneno makali na maneno matamu, na yote mawili yalimkimbia.

"Hodi," alisema Alcide.

"Umechelewa," alisema Verlyn.

"Najua." Alivua kofia. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mtahiniwa. "Verlyn, bodi yenu nitakwenda kuiona mwenyewe. Nitawaambia nimekubali kutungwa. Lakini leo nimekuja na swali. Ni moja. Halina machaguo."

Verlyn alishika kizingiti. "Uliza."

"Ndiyo!" sauti ilipaa kutoka dirishani.

"Mama!"

"Anasema ndiyo! Mimi ni maiti, lakini ndiyo! Kila Jumamosi ya Mungu anavaa gauni hilo hilo, mnadhani sina macho? Muoe, mwanangu, ila msihamie mbali!"

Kicheko kililipuka mtaani kote. Muuza duka alijifuta machozi. Hata Verlyn alicheka, uso ukimwaka moto, akamgeukia Alcide kucheka naye.

Alcide hakuwa anacheka.

"Asante, Bi Ismay," alisema taratibu. "Lakini sijauliza bado. Na swali langu silo hilo." Alimtazama Verlyn machoni, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba msamaha kabla ya kukosa. "Lile nitakuja kuliuliza, naapa. Ila kwanza nataka kujua jambo moja. Verlyn, unajua nyumba hii ni ya nani?"

"Nyumba hii? Ni yetu. Ni ya mama."

Mlango wa pili wa gari ulifunguka. Kikashuka kiatu cheupe, kisha gauni la safari lililokunjamana, kisha kofia kubwa ya manjano ambayo haikununuliwa Grenada. Chini ya kofia alikuwa mwanamke mzee mrefu, mwenye kidevu kile kile cha Alcide.

"Mama yangu ametua usiku wa kuamkia leo kutoka Brooklyn," alisema Alcide. "Sikumwita. Alisikia habari za kamati kwa simu kabla sijafika nyumbani."

Verlyn aligeuka kumtazama mama yake, akitarajia mshangao. Hakuona mshangao hata chembe. Bi Ismay alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, kama mtu aliyeiogopa siku hii kwa miaka mingi.

Mwenye kofia ya manjano alipita getini. Alilitazama paa. Alizitazama kuta, milango, maua ya barazani. Alipofika chini ya dirisha alisimama, akatabasamu kwa adabu kubwa sana.

"Habari za miaka mingi, Ismay," alisema. "Ahsante. Umenitunzia nyumba yangu vizuri."